Kaburi la Mzee Zakaria

Jumanne, 8 Aprili

Nimekama mbuzi. Nimefagia uwanja. Nimechemsha chai ya vikombe viwili, kama kila siku, na kikombe cha pili nimekimwaga kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko. Ireri, mume wangu, amekufa miezi saba sasa na mkono wangu bado haujaambiwa. Mgomba unanawiri.

Shule imefungwa. Ripoti za wanafunzi nimemaliza. Kidato cha Pili wamefeli Jiografia wote, utadhani walikaa kikao wakakubaliana.

Saa nne amekuja shemeji Njagi, mdogo wake Ireri. Amekaa kwenye kiti cha Ireri. Njagi ni mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya Kathima, na leo alikuja kikazi, kwa hiyo alivaa koti. Wapimaji watakuja Jumanne baada ya Pasaka kuweka mpaka kati yetu na watu wa upande wa Meru. Wanataka maelezo ya Kathima kwa maandishi: jiografia, historia na watu. Yasomwe mbele ya pande zote mbili. Kwa Kiswahili, maana Kimbeere chetu wao watakikataa na Kimeru chao sisi tutakikataa.

"Ni wewe tu unaweza hii kazi, Mwalimu," akasema. "Andika vizuri. Na usisahau kaburi ya babu."

Nimekubali. Sikuwa na sababu ya kukubali wala ya kukataa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeanza na jiografia kwa sababu haina watu.

Nimeandika: Kathima ni mteremko. Juu kuna udongo mwekundu, muguka wa kutafuna na migomba. Chini kuna mawe, mchanga, ndengu, mtama na mbuzi. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, mwaka mwingine mara moja. Mashariki kuna kijito cha Karue, na ng'ambo ya Karue ndiko upande wa Meru.

Hapo nikaweka kalamu chini. Karue ziko mbili.

Kuna Karue ya zamani, ambayo sasa ni mtaro mkavu uliojaa mchanga. Kuna Karue ya sasa. Mwaka wa ile mvua kubwa, kijito kiliacha njia yake kikakata nyingine, mwendo wa dakika tano zaidi kuelekea mashariki. Kipande kilichobaki katikati tunakiita Gatagati. Aliyelala Gatagati akiwa upande wa Meru aliamka akiwa upande wetu, na hakuwa amesogea hata hatua moja. Kijito kililala mbele ya nyumba yake kikaamkia nyuma. Mtu huyo ni Mama Kirimi. Yuko huko mpaka leo, mjane, peke yake, na mbuzi wake, ndengu zake na kisima.

Ardhi ya huku chini haijawahi kupimwa. Hakuna mwenye hati. Wapimaji wakisema mpaka ni Karue ya sasa, Gatagati ni ya Kathima, kamati itaigawa, na Mama Kirimi atafute pa kwenda. Wakisema ni Karue ya zamani, anabaki kwake. Ndiyo habari yote. Haihitaji kurasa tano.

Ushahidi wetu mkubwa ni kaburi. Kaburi la Mzee Zakaria Nthiga, babu yao Ireri na Njagi, liko palepale Gatagati. Limejengewa kwa mawe na simiti, lina msalaba na jina. Huku mtu huzikwa kwenye shamba lake. Ukiona kaburi la mzee wetu, basi hapo palikuwa petu hata kabla kijito hakijahama. Hivyo ndivyo kamati itakavyosema.

Nimefunga daftari. Nimewapa kuku mahindi.

Jumamosi, 12 Aprili

Watu. Nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari tangu asubuhi. Miguu inauma.

Nimegundua jambo moja. Kila nyumba inaongeza. Kwa Njagi nimeona watu saba kwa macho yangu. "Andika kumi," akasema. Watatu wako Nairobi, mmoja wao tangu aondoke hajarudi hata kwa mazishi ya Ireri. Kwa jirani yake wameniandikisha mtoto ambaye bado yuko tumboni. Hakuna hata nyumba moja iliyopunguza. Waliokufa wanatajwa pia, kisha mtu anakumbuka, anasema basi huyo muache.

Jioni nimefika kwangu. Nimeandika: watu wawili, mimi na binti yangu Wanja. Wanja ameolewa Thika. Nimefuta. Nimeandika mmoja. Nimeangalia hiyo moja kwa muda mrefu. Nimeacha nafasi wazi.

Mimi mwenyewe si wa hapa. Nilizaliwa Kangeta, baba yangu alikuwa na miraa. Nimeolewa Kathima miaka thelathini na moja. Nimefundisha nusu ya watu niliowahesabu leo, na bado nikinunua nyanya sokoni naitwa yule Mmeru.

Njagi aliniambia Gatagati nisiende. Mama Kirimi si wa kuhesabiwa. "Huyo ni wa huko." Hiyo ndiyo ajabu ya kamati yetu. Shamba ni la huku, mwenye shamba ni wa huko.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada watoto walivuka mtaro wa Karue ya zamani wakaenda kuweka matawi kwenye kaburi la Mzee Zakaria. Wanafanya hivyo kila mwaka. Katekista aliwaongoza na wimbo.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma. Kaburi lile halina mtu.

Ni miaka kumi na miwili sasa. Kulitokea uvumi kwamba wapimaji wanakuja. Wanaume wanne walikaa hapa uwanjani kwangu wakapanga. Ireri alikuwa fundi wa mawe, fundi kweli, amejenga maduka mpaka Kiritiri. Wakamwambia ajenge kaburi la babu yake. Akajenga kwa siku mbili. Mimi nikapeleka uji. Kisha wakatazamana: nani ana mwandiko mzuri? Nikaandika mimi, kwa msumari wa inchi nne, simiti ikiwa bado mbichi. MZEE ZAKARIA NTHIGA. AMELALA HAPA.

Uvumi ukaisha, wapimaji hawakuja, kaburi likabaki. Kati ya wale wanne watatu wamekufa, na Ireri ni mmoja wao. Tumebaki Njagi na mimi. Njagi sasa anasema "babu Zakaria" bila kupepesa macho. Nadhani anaamini.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeenda Gatagati. Sikutaka kupeleka hesabu yenye shimo. Ni tabia ya ualimu tu, si wema.

Nimemkuta Mama Kirimi kwenye kaburi la Zakaria. Alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu. Matawi ya watoto alikuwa ameyapanga pembeni vizuri. Akaniamkia kwa Kimeru, "Muuga", nikaitika, akacheka. Husema Kimeru changu cha Kangeta ni cha watu wanaogombana.

Nilimuuliza kwa nini anapalilia.

"Si jina imeandikwa?" akasema. "Mtu ameitwa hapa. Hata kama hajakuja."

Akaendelea kung'oa.

"Mama Wanja, mimi nilikuwa nachunga mbuzi pale kwa ile miti siku hizo mbili. Bwana yako alijenga mzuri sana. Lakini hawakuchimba. Nilingoja wachimbe, hawakuchimba."

Miaka kumi na miwili anajua. Hajawahi kumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nani angemsikiliza, mwanamke mmoja na mbuzi, na mafundi wote wako upande wetu.

Amenipa uji wa wimbi. Kisha akanionyesha makaburi yake mwenyewe, nyuma ya kisima. Matatu. Mumewe, mama mkwe wake, na mtoto wake Kirimi, aliyefariki akiwa na miaka tisa. Nimekuwa nikimwita kwa jina la mtoto huyo miaka yote hii na sikujua kwamba yuko pale. Hakuna simiti. Kuna maua meupe tu, yale yanayomea kutoka kwenye kitunguu, ambayo wazee wa pande zote mbili walipanda mipakani. Mvua ikikosekana huwezi kujua kwamba kuna kaburi.

"Hizi pia utaandika?"

Nilisema nitaandika. Nimeandika. Nyumba ya Mama Kirimi: mtu mmoja. Makaburi: matatu.

Jumatano, 16 Aprili

Historia. Ukurasa wa nne.

Nimeandika kuhusu njaa, kuhusu koo zilizoshuka kutoka mlimani, kuhusu biashara ya mtama na mbuzi kati ya pande mbili za Karue. Kuhusu mabinti waliovuka kuolewa, na mahari iliyovuka kurudi. Nimeandika haraka, somo hili nalijua. Kisha nikaandika aya ninayowafundisha Kidato cha Pili kila mwaka: zamani, kabla ya misheni kufika, watu wa pande zote mbili hawakuwazika watu wao. Maiti ilipelekwa porini, ikalazwa chini ya mti, na fisi wakafanya kazi yao. Kuzika nyumbani kulikuja na kanisa. Makaburi yote ya Kathima ni ya baada ya hapo.

Nikasoma tena ili nisahihishe nukta. Nikaona.

Mzee Nthiga alikufa kabla ya misheni. Ireri alinisimulia mwenyewe, kwamba baba yake alikuwa mtoto mdogo na alikatazwa kuwafuata waliombeba. Mzee hakuzikwa. Hakubatizwa. Hakuwahi kuwa Zakaria.

Wanaume wanne na mwalimu mmoja wa Historia tulikaa uwanjani tukaunda kaburi la mtu wa zamani, na hatukuweza hata kuliwaza bila msalaba na jina la ubatizo. Aliyesema "Zakaria" alikuwa Njagi. Tuliona linapendeza. Hakuna aliyecheka. Wiki ileile nilikuwa nafundisha habari za fisi.

Nimejaribu kucheka leo. Hakuna kilichotoka.

Nikakumbuka wadi. Figo zilikuwa zimekwisha na Ireri alikuwa anaongea kidogo kidogo. Siku moja aliniambia, "Nimejenga nyumba mingi. Ile moja tu ndiyo haina mtu. Nikipona nitaibomoa." Nilimwambia apumzike. Hakupona. Nilidhani ni homa inayosema.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba kutoka kanisani mpaka sokoni, jua kali. Baadaye Njagi amepita kuchukua kurasa.

Aliruka jiografia. Aliruka watu. Alisoma historia akifuata kwa kidole, na kidole kikasimama.

"Hii maneno ya fisi toa."

Nilimwambia ni kweli.

"Najua ni kweli. Toa. Wale wasichana wa ofisi ya wapimaji wanasoma kila kitu siku hizi." Kisha akaona Mama Kirimi na makaburi yake matatu. Akaninyooshea daftari. "Na hii pia. Mwalimu, wewe uko upande gani?"

Akasimama, akavaa kofia. Hakupandisha sauti, Njagi si mtu wa kelele. Alisema ukoo umepanga kumjengea Ireri kaburi mwaka ukitimia. Alisema mimi sina mtoto wa kiume. Alisema shamba hili ni la ukoo, na mpaka sasa hakuna mtu amesema kitu kuhusu mimi kukaa hapa, na ni vizuri ibaki hivyo. Akasema Pasaka njema.

Najua sheria. Sheria inamlinda mjane. Lakini sheria haitakuja hapa kuniamkia asubuhi wala kunisaidia kuvuna.

Nimeogopa. Naandika kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichohisi kwa miezi saba, na si kizuri.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kristo amefufuka. Nimeandika nakala mbili. Moja ina fisi, nyingine haina. Zote ziko kwenye mkoba.

Sijaenda kwenye kaburi la Ireri tangu tumzike. Liko mita thelathini kutoka mlangoni. Napita upande ule mwingine nikienda kwa mbuzi.

Jumanne, 22 Aprili

Wamekuja wapimaji watatu. Kiongozi wao ni msichana mwenye buti, umri wa Wanja. Hema, viti vya plastiki, soda. Upande wa Meru walikaa kushoto, sisi kulia. Mama Kirimi hakujua akae wapi. Akakaa kwenye jiwe, nyuma.

Nikaitwa. Nikafungua mkoba. Sikuchagua, kusema kweli. Nilijiambia nitachukua ile isiyo na fisi. Kisha nikamwona Mama Kirimi kwenye jiwe amekunja mikono, anangoja kama alivyongoja wachimbe. Nikatoa ile nyingine.

Nilisoma kwa sauti ya darasani. Mteremko, udongo, mvua. Nyumba kwa nyumba. Nyumba ya Mama Kirimi: mtu mmoja, makaburi matatu. Nikasikia viti vinalia upande wa kulia. Nikasoma fisi. Wazee wa upande wa Meru waliitikia kwa vichwa, ndivyo ilivyokuwa. Njagi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha tukatembea mpaka kaburini. Yule msichana alisoma jina. Akaangalia msalaba. Akaangalia daftari lake.

"Mzee alifariki kabla ya misheni ama baada?"

"Baada," akasema Njagi.

Akanigeukia. "Mwalimu?"

"Kabla."

"Sasa nani alimbatiza?"

Mtu mmoja wa upande wa Meru alicheka, mara moja, akajizuia.

Nikasema. Nilisema hakuna mtu ndani. Nikasema mume wangu alilijenga na mimi niliandika jina, kwa msumari. Njagi akasema nimechanganyikiwa, ni huzuni, tangu kaka yake afe sijawa sawa. Watu wakaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la kuaminika. Hata mimi nilikaribia kuliamini.

Nikaomba kalamu ya msichana. Nikaandika kwenye daftari lake, ZAKARIA, herufi kubwa. R yangu ina mguu mrefu unaopita chini ya mstari. Nimekemewa kwa R hiyo tangu darasa la tatu. Akaangalia daftari, akaangalia simiti. Akaangalia tena. Akafunga daftari.

Jioni waliweka vigingi vyeupe kando ya Karue ya zamani. Ni vya muda, walisema, lakini mchoro utafuata hapo.

Sikufanya kwa ushujaa. Nimesahihisha makosa ya watu miaka thelathini, na hili lilikuwa langu.

Jumatano, 23 Aprili

Hakuna aliyepita. Mwanamke anayenunua maziwa hakuja. Maziwa nimempa paka.

Ijumaa, 25 Aprili

Njagi amekuja na wazee wawili wa ukoo. Hawakukaa. Mmoja wa wazee hao nilimfundishia watoto watano.

Njagi ndiye aliyesema. Ukoo umekaa. Ukoo hautajenga kaburi la Ireri. Hakuna mchango, hakuna misa ya mwaka. "Wewe umeaibisha mume yako akiwa ndani ya udongo," alisema. "Umemuita mwongo mbele ya watu wa ng'ambo." Na kuhusu shamba, wataongea baadaye. Kwa sasa nijue tu kwamba gari la kwenda Kangeta lipo kila siku.

Sauti yake ilikatika alipotaja Ireri. Sikutegemea. Walikuwa wawili tu kwa mama yao.

Nilitaka kumwambia alichosema Ireri wadini. Nikamwambia. Nilisema, "Alitaka kulibomoa mwenyewe." Kisha wakaondoka, Njagi nyuma ya wazee.

Nimemwambia Wanja kwa simu. Amesema niende Thika nikae kwake. Nimesema nitafikiria. Sitafikiria.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Walimu wenzangu wameniamkia kawaida, lakini wawili wa Kathima wamehamisha viti. Kidato cha Pili wameniuliza kama ni kweli kuhusu fisi. Nimewaambia wafungue ukurasa wa arobaini.

Mama Kirimi hajasema asante na nashukuru hajasema. Nimeona moshi wake nikiwa njiani.

Jumamosi, 3 Mei

Nimechemsha kikombe kimoja. Nimegundua baada ya kukinywa.

Nimefungua stoo ya Ireri. Mfuko wa simiti aliouacha umeshika, umekuwa jiwe lenye umbo la mfuko. Nimenunua mwingine sokoni. Muuzaji hakuniuliza ni wa nini, wote wanajua. Mwiko wake, karai, timazi ya kunyooshea ukuta, kila kitu kilikuwa kwenye msumari wake. Msumari wa inchi nne ulikuwa kwenye kopo, pamoja na wenzake.

Nilikuwa nimeanza kupanga mawe kwenye kaburi la Ireri, Mama Kirimi alipofika. Alibeba mchanga mgongoni, mkanda kwenye kipaji cha uso, mchanga wa Karue ya zamani. Sikuwa nimemwita. Aliumwaga, akarudi, akaleta mwingine. Mara tatu. Umri wake na ule mlima. Nilimwambia inatosha. Akasema mchanga wa kaburi haupimwi kwa jicho la mwalimu.

Nilimwona Ireri akichanganya simiti miaka thelathini na sikuwahi kushika koleo. Karai moja ya simiti, tatu za mchanga, nadhani. Maji yalizidi. Nikaongeza mchanga. Maji yakapungua.

Njagi alikuwa kwenye ua wake, anajifanya anakata majani ya mbuzi. Panga lilipanda na kushuka mahali pamoja. Saa nzima hivyo. Mwishowe akaja mpaka kwenye waya wa mpaka wetu, hakuvuka.

"Hiyo ni nyepesi," akasema. "Haitashika. Ongeza simiti."

Nikaongeza. Akaangalia nikigeuza. Akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa, akarudi kwa majani yake.

Ukuta wangu umepinda upande wa kusini. Ireri angeubomoa. Msalaba tumeuweka sawasawa, huyu alibatizwa, nilikuwa na cheti chake mkononi. Mama Kirimi amepanda kitunguu cha maua meupe kwenye pembe nne, kutoka kwa Kirimi wake. Kisha akalainisha simiti kwa kiganja, akanitazama, akasogea pembeni.

Nikachukua msumari. Nikapiga magoti. IRERI WA NYAGA. AMELALA HAPA.

Nililia nilipofika kwenye R ya pili, kwa sauti, na Njagi alisikia, na sikujali. Mwandiko ni uleule, mguu mrefu unapita chini ya mstari. Safari hii yumo.